Jicho la Kulilia

1

Nyuki walipomjaa mwanangu Msonga usoni, hakukimbia.

Alikuwa juu ya ngazi, mzinga umefunguliwa, na mjukuu wangu Nyamizi yuko chini ameshika bomba la moshi lililozimika. Mtoto anasema mama yake aligeuka taratibu, akamwambia, "Washa tena, mwanangu, hakuna haraka," na kope zake zimekwishavimba hazifunguki. Akaendelea kukata masega kwa kupapasa, anayapanga ndani ya ndoo moja moja. Alipoanguka, ndoo ilikuwa imejaa, na kifuniko chake kimefungwa vizuri.

Aliyekimbia ni Nyamizi. Alikuja mpaka kwangu anapiga kelele, na mimi nikamuuliza kwa sauti ile ile ambayo ningemuulizia kama amekula, "Kuna nini?"

Ndivyo tulivyo sisi wenye pete.

Pete hizi hazivaliwi kidoleni. Ni mbili, ndogo kama ushanga, zinalazwa ndani ya shingo, moja kulia, nyingine kushoto, kila moja imekumbatia mshipa wa fahamu unaopanda kwenda jichoni. Mimi ninazo mwaka wa tisa huu. Kope zangu zimelegea kidogo, mboni zimekuwa ndogo kama punje za ulezi, na uso wangu hautoki jasho hata jua likisimama utosini. Lakini naona. Nina miaka sabini na mitatu na uzi naupitisha kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.

Kabla ya pete, hapa Mwitundu tulikuwa tunaongozana kwa fimbo. Ile miaka ya moto, mvua ilipokataa misimu sita, watu wakawa wanalala sikio moja liko nje, wanasikiliza kama nyasi zimeanza kulia kwa moto, ndipo macho yalipoanza kuvuja. Mtu wa miaka thelathini anaamka asubuhi anauliza nani kazima taa. Tuliuita ugonjwa ule jicho la hofu. Kwa hiyo pete zilipokuja, nani angekataa? Tulipanga foleni tunaimba.

Tulimzika Msonga kama watu wanaopanda mche. Kila mtu alifanya sehemu yake, udongo ukarudi ulikotoka, macho makavu mia nne yakitazama. Nyamizi peke yake ndiye aliyelia, maana pete huwekwa mwaka wa kumi na yeye alikuwa bado miezi mitatu. Alilia kwa niaba ya kijiji kizima, na sauti ikamkauka kabla jeneza halijashuka.

Jeneza likiwa bado juu, mtani wetu Chaurembo alifika. Yeye ni Mzaramo. Babu wa babu yake aliletwa huku Unyamwezi na kazi ya reli akanogewa na asali. Chaurembo alizikataa pete, na macho yake yote mawili yamekufa. Aliliendea shimo kwa kupapasa ukingo, akajitupa ndani, akalala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele kutoka chini. "Mnyamwezi gani huyu anakufa ndoo ya asali imejaa na mimi sijaonjeshwa? Wachoyo nyie, wachoyo mpaka kaburini! Msonga, sogea, tunalala wawili!"

Zamani tungemjibu. Tungemwita mla papa, tungemtupia majani, tungecheka mpaka kicheko kigeuke kilio, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani: kuufungua mlango uliokwama. Lakini aliposema vile nilihisi pete zinabana, kama vidole vya mtu vinavyoshika koo kwa adabu. Halafu baridi. Halafu hakuna kitu.

Chaurembo alingoja. Udongo ulikuwa unamwagika kifuani mwake.

"Mmeondoka?" akauliza.

"Tupo, mtani," nikasema.

"Basi nijibuni."

Hakuna aliyemjibu. Akapanda mwenyewe, akitafuta ukingo kwa mkono, akateleza, akapanda tena. Hatukumpa mkono, maana hata aibu ni hofu ya aina yake, na sisi hatukuwa nayo.

2

Siku ya nne baada ya mazishi tulikuwa tunakula. Nyamizi akaacha tonge hewani.

"Bibi, mbona uso wako umeliwa katikati?"

"Umeliwa na nini, mke mwenzangu?" Ndivyo ninavyomwita tangu anatambaa, maana babu yake alikuwa mume wetu sote wawili.

"Naona masikio. Naona kilemba. Katikati pana shimo jeusi. Na ule mlango umepinda, kama umelowa."

Nikaweka bakuli chini. Mlango wetu ulikuwa umenyooka.

Pale kituo cha macho, Daktari Tumsifu alimlaza kitini, akamulika, na nyuma ya jicho la mtoto ikajitokeza ukutani, kubwa kama ungo. Ilikuwa kama mwezi mwekundu uliotambaliwa na mizizi. Sehemu moja ya mwezi ilikuwa imefura kama andazi. Daktari akaenda jicho la pili. Nalo hivyo hivyo.

"Njoo karibu, bibi," akasema. Ni mwanamke mpole, kijana, na hana pete, maana daktari wa pete haruhusiwi kuwa nazo. "Unaona? Nyuma ya jicho pametandikwa mishipa ya damu, kama jamvi. Jamvi hili ndilo linalolilisha pazia ambalo picha huangukia. Sasa mishipa hii haijiamulii yenyewe. Kuna mshipa wa fahamu unatoka shingoni, huo ndio umeshika hatamu. Mtu akiogopa, hatamu inavutwa, mishipa inabana. Hofu ikipita, inaachiwa."

"Na huyu?"

"Huyu hofu yake haijapita. Inavuta asubuhi, inavuta jioni, inavuta akiwa amelala. Mishipa mingine imeziba. Mingine imechoka, inavuja maji chini ya pazia. Huo mvujo ndio shimo analoliona usoni kwako."

"Kwa hiyo ugonjwa hauko jichoni."

"Unaanzia kichwani, unapita shingoni, unapasukia jichoni."

"Kumbe aliyemwaga maji yuko chumba kingine na aliyelowa," nikasema, na daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kitu atakachokirudia.

Akaniambia leo ni Jumatatu, na Ijumaa ndiyo mwisho. Ikipita hapo, pazia litakufa na hakuna pete itakayolifufua. Angeomba kibali kwa sababu ya ile miezi mitatu. Akanisogezea kioo. "Weka dole gumba hapa."

Nikanyanyua dole. Likabaki juu.

Dole hili lilishawahi kubonyeza kioo kama kile. Msonga alikuwa na miaka ishirini na minne, huyu huyu Nyamizi ananyonya au ndiyo kwanza anatambaa, sikumbuki vizuri, mambo ya kabla ya pete yananijia kama hadithi ya jirani. Alikuwa haoni tena pa kubonyeza. Akaniuliza, "Mama, unasemaje?" Nikamshika mkono nikabonyeza lake, halafu langu chini yake kama shahidi.

"Daktari," nikasema, "pete inaitambuaje hofu mbaya na hofu ya nyuki?"

"Haitambui. Inajua kile ilichofundishwa siku ya kipimo. Mnavalishwa nyaya, mnapimwa mkiwa mmezidiwa, pete inajifunza: mtu wa hapa akizidiwa anakuwa hivi. Kuanzia hapo kila akielekea huko, inamrudisha." Akafungua kumbukumbu. "Chenu kilichukuliwa kwa siku moja. Watu mia mbili na kumi, wote pamoja. Mapigo yamepanda, yameshuka, vicheko, vilio, matusi. Sijawahi kuona kipimo kama hiki. Ilikuwa sherehe gani?"

"Ulikuwa msiba," nikamwambia. "Wa mume wangu, Kapela."

Nikamweleza. Mafundi wa pete walitaka watu wote siku moja, wasije mara mbili kwa barabara ile. Wazee wakakuna vichwa: siku gani Mwitundu inakusanyika yote, bila hata mmoja kubaki shamba? Ni siku ya kuzika. Nani atakosa maziko? Kapela alikuwa amefariki usiku ule. Tukawaambia mafundi, njooni kesho. Tuliona tumefanya la maana sana. Mimi mfiwa mwenyewe niliwapangia viti. Wakatufunga nyaya vichwani, na watani wakaingia kaburini kama kawaida yao, wakatukana, tukatukanana, tukalia, tukacheka, na vile vidude vikaandika yote.

"Tuliwapa maombolezo yetu," nikasema, "na pete ikaandika: hiki ndicho cha kuzimwa."

"Na nyuki?"

"Hofu ya nyuki inapita njia ile ile, na njia imeshafungwa."

Daktari Tumsifu akaficha mikono mifukoni. Nikamuuliza kama zinaweza kufundishwa upya. Akasema waliozitengeneza walifunga mlango wa mafunzo wakaondoka na ufunguo, na zilizobaki kabatini zote zimesoma kipimo kile kile.

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira ndani yangu kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Pete zikabana kidogo tu, hata hazikuwa na kazi kubwa.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikasema.

3

"Nikiwekwa nitakuwa kama nyinyi?" Nyamizi aliuliza. Alikuwa amekaa kizingitini, kichwa amekigeuza upande, maana sasa alikuwa ananitazama kwa pembe za macho kama kuku.

"Utaona."

"Sijauliza kuona."

"Utatulia."

"Siku ile nilikuita, Bibi. Ukaniuliza kuna nini." Kidevu kikaanza kucheza. "Mama aliniambia hakuna haraka. Walikuwa wanamuingia mdomoni, ananiambia hakuna haraka."

Mikono yangu ilimkumbatia. Mikono inakumbuka. Lakini ndani nilikuwa kama mtungi uliopinduliwa ukakauka, na mtoto alijua, maana alikaa kifuani pangu bila kuegemea.

"Na nisipowekwa?"

"Utakuwa kama mzee Chaurembo."

Akafikiri. "Chaurembo anacheka."

Saa tisa alasiri nikaenda kwa Chaurembo. Alikuwa barazani anabangua karanga, maganda yamemzunguka.

"Hatua hizo ni za Bibi Kalunde," akasema. "Mguu mmoja unauliza, mwingine unajibu. Kaa, mtani. Nitaongea kama karani ili pete zako zisinikabie mgeni."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye maneno ya mtoto, kwamba Chaurembo anacheka, akaacha kubangua.

"Usimpe mtoto mimi kama mfano," akasema. "Mjinga wewe. Unadhani nilizikataa kwa hekima? Niliogopa kisu. Mwanangu wa mwisho ana miaka saba, sijui pua yake ni ya kwangu au ya mama yake. Naungua mkono kila wiki. Wiki iliyopita nililala na nyoka chumbani, nikadhani ni mkanda. Giza ni giza tu, mtani. Anayekuambia kipofu anaona kwa moyo, muulize kama atabadilishana."

"Sasa nifanye nini?"

"Hilo si swali la utani. Mimi ni wa utani."

Mimi nikizidiwa na jambo huwa nageukia vitendawili; nimekuwa hivyo tangu shule ya msingi, mwalimu akinichapa kwa hesabu mimi namtegea.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Ndugu wawili, kilima katikati, hawatembeleani."

"Macho na pua! Hicho hata mtoto wa chekechea anakitegua akiwa amelala. Umezeeka, mtani, tega kingine."

"Wanalala pamoja," nikaendelea, na sikuwa namtegea yeye tena. "Wanaamka pamoja, wanalia pamoja. Lakini hawatembeleani. Kila mmoja ana njia yake. Kila mmoja ana hatamu yake."

Nikaweka vidole shingoni, kulia, halafu kushoto. Vishanga viwili.

Chaurembo alisikia nilivyosimama. "Sema basi," akaniambia. "Jibu ni nini?"

4

"Hapana," Daktari Tumsifu alisema Alhamisi, hata kabla sijakaa vizuri. "Pete moja? Haijawahi kufanywa."

"Ikifanywa inakuwaje?"

"La kulia litapona, labda. La kushoto litaendelea kuvuja mpaka life. Bibi, unaniomba nimwache mtoto apofuke jicho moja, na dawa yake iko kwenye kabati lile."

"Na hofu?"

"Pete moja haitoshi kumzima. Atabaki na nusu."

"Nusu ya hofu inakimbia?"

"Sijui," akasema. "Kweli sijui, bibi."

"Basi hatujui wote wawili. Mara ile ya kwanza tulikuwa tunajua sana."

"Utamwangalia vipi, miaka ishirini ijayo, akikuuliza kwa nini? Utalala?"

"Mimi nalala, daktari. Hilo ndilo tatizo. Tangu nimzike mwanangu sijakosa usingizi hata siku moja."

Akageuka dirishani. Nilimwona akifuta uso kwa mgongo wa mkono, na nikamwonea kitu kama wivu, kama nilikuwa bado nakumbuka wivu ulivyo.

Nyamizi ndiye aliyemaliza maneno. Daktari alichuchumaa mbele yake, akamweleza kila kitu bila kuficha, kwamba jicho moja litapona na moja litakufa, na kwamba atalia na ataogopa maisha yake yote, nusu. Akamwambia anaweza kupewa zote mbili akitaka.

Mtoto akafunika jicho moja kwa kiganja, halafu la pili.

"La kulia liwekeeni," akasema. "Siku ile la kulia liliingia moshi, nikalifumba. Mama nilimwona na la kushoto. La kushoto liacheni, ni la mama."

Daktari akasogeza kioo. Safari hii dole langu halikubaki hewani. Lakini nilipomaliza nikasema, "Na mimi nitoe ya kushoto."

"Wewe macho yako ni mazima!"

"Mtoto hakai matanga peke yake."

"Mishipa yako imetulizwa miaka tisa, bibi. Kwa umri wako, ikirudishiwa hatamu kwa ghafla..."

"Nimekusikia."

5

Siku mbili za kwanza baada ya kutolewa pete ya kushoto sikuhisi kitu, ila kidonda. Siku ya tatu nilikuwa nachekecha unga nikaona upande wa kushoto wa uso wangu umelowa. Jasho. Nikalionja. Nikainua macho kutafuta kitambaa, na ndoo ya Msonga ilikuwa pale pale kwenye rafu, na kifuniko chake.

Nani aliyemfundisha kufunika ndoo kabla ya kushuka ngazini? Ni mimi. Nilikuwa namchapa akisahau.

Ungo ulianguka. Sijui nililia muda gani. Nilianza na Kapela, maana yeye ndiye aliyekuwa wa mbele kwenye foleni, amengoja miaka tisa mume wa watu. Halafu ndipo Msonga akaja. Jicho la kushoto lilikuwa linabubujika. La kulia lilikaa wazi, kavu, linatazama unga uliomwagika kama afisa aliyekuja kukagua. Nyamizi akaja akaninyemelea, akanigusa shavu, na safari hii akaegemea.

Daktari hakukosea. Wiki ya pili wingu jekundu lilishuka ndani ya jicho langu la kushoto, na mwezi ulipokwisha halikuondoka. La mtoto lilikwenda polepole zaidi. Kwanza lilipoteza nyuso, halafu rangi, halafu vidole. Kila asubuhi nilimwekea mkono mbele nikamuuliza vingapi, na kila asubuhi alichelewa zaidi kujibu. Siku moja akasema, "Bibi, usiulize tena," nikaacha. La kulia lilipona. Mlango ulinyooka. Uso wangu ukarudi katikati ya kilemba, na akaniambia nimezeeka kuliko alivyokuwa anakumbuka.

Siku ya kuondoa tanga nilimwita Chaurembo amalize kazi aliyoiacha shimoni. Alikuja na watani wenzake wawili, akakaa juu ya kaburi kabisa.

"Msonga! Umetuachia mama mwenye uso wa mafungu mawili, nusu Mnyamwezi, nusu kisiki! Tumuoze kwa nani huyu?"

Pete ya kulia ikabana. Ya kushoto haikuwepo.

"Toka juu ya mwanangu, mla papa we!" nikasema, na sauti yangu ilinishtua mimi mwenyewe. "Umelikalia kaburi kama kiti cha kinyozi!"

Watu waligeuka. Macho mia nne makavu. Mimi na Nyamizi tulicheka kwa upande mmoja wa mdomo, tukalia kwa upande huo huo, na Chaurembo akawa analia pale juu, akisema, "Asante, asante, kumbe mpo." Nyuma ya watu nilimwona mwanamke mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, ameweka kidole shingoni kushoto na anapapasa.

Baada ya hapo Nyamizi alitaka kuuona mzinga.

Nilikataa, akaomba, nikakataa, akaomba. Tukaenda asubuhi kukiwa baridi, nyuki wakiwa wazito. Ngazi ilikuwa bado imeegemea mti. Yeye alitangulia, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho zima liwe mbele. Mimi nilibaki nyuma hatua kumi.

Nyuki mmoja akatoka, halafu watano. Halafu sauti ya mzinga ikabadilika. Aliyewahi kurina asali anaijua sauti ile.

Nyamizi alisimama.

Alisimama wima kabisa, mikono imelegea, kama mama yake alivyosimama. Upande wa kulia wa mwili wangu ukaniambia, kwa sauti laini kabisa, hakuna haraka. Nilifungua mdomo kumwita na ulimi ukawa mzito. Nyuki wakatua kwenye nywele zake. Nikafikiri, nimeua wawili. Nimempa nusu na nusu haitoshi.

Ndipo nilipoona upande wa kushoto wa uso wake, ule wa jicho lisiloona, unatetemeka. Shavu, kisha bega, kisha mkono. Akapiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mwenye pete miaka tisa, akageuka, ndala moja ikabaki chini ya ngazi, akaja mbio kama mbuzi aliyekata kamba, akanikumba, akanishika kanga.

"Bibi, kimbia!"

Moyo wangu uliruka ukagonga mbavu za kushoto. Nikakimbia.